Bwawa Letu na Nafasi ya Mwisho

Jumapili ile walitukusanya wote ukumbini tutazame runinga, maana wakubwa wa mpira wa Kimarekani walikuwa wanataja vyuo vitakavyoingia mtoano wa taifa. Mwaka huu nafasi zimeongezwa, na chuo chetu kidogo cha hapa Kansas, ambacho miaka yote huenda kucheza na vyuo vigogo na kulipwa ili kifungwe, kilikuwa hakijafungwa hata mechi moja.

Mimi nafundisha wasichana kuogelea. Mpira wao wa kugongana vichwa haunihusu. Lakini Oakes, mkurugenzi wa michezo, alishaniambia tangu Agosti kwamba bwawa linafungwa Krismasi, labda vijana wa mpira waingie mtoano na hela zake zije. Basi wasichana wangu walishangilia msimu mzima, baridi inawakata masikio, utadhani wameolewa na timu ile.

Jina letu likatajwa la mwisho. Ukumbi mzima ukalipuka kwa kelele. Brenna, nahodha wangu, alinikumbatia akilia.

"Kocha, tumepona. Si tumepona?"

"Ngoja nimsikie Oakes," nikasema, ila machozi yalishaanza kunilengalenga na mimi.

Nilimkuta kando ya meza ya mabawa ya kuku, uso hauna raha hata kidogo.

"Hongera, bosi. Haya, bwawa langu?"

"Marlys, usianze."

"Naanza. Uliahidi."

"Mgawo wa hela za mtoano ulishapangwa kabla hata ya mechi ya kwanza. Vigogo wanabeba karibu chungu kizima. Makombo yanakuja kwenye ligi yetu, tunagawana na hao hao tuliowafunga."

"Hayo makombo yanatosha kupasha maji moto."

Akatazama pembeni. "Yanaenda kwa Dequan." Huyo ndiye mrusha mpira wetu, nyota anayeongoza mashambulizi. "Dirisha la uhamisho linafunguliwa kesho, na vigogo wameshampigia simu. Tusipomlipa, anaondoka kabla ya mechi. Wenzake nao wanataka chao. Imebidi nichukue na bajeti yako."

"Kwa hiyo tungekosa hiyo nafasi..."

"Mngefika Krismasi. Sasa mnaishia Ijumaa."

Hasira ilinipanda. Nilimchukia, na nilimchukia zaidi kwa sababu nilijua hanidanganyi. Kisha akaniomba kitu. Kamera za runinga zilizoletwa ukumbini zinarudi kutuonyesha baada ya matangazo ya biashara, akasema, wasichana wako wakae mbele, maana hapa hakuna wanaojua kushangilia kama wao.

Nikarudi. Brenna alikuwa ameshawapanga wenzake, nyuso zimepakwa rangi za chuo, wote wananikodolea macho.

"Kocha, amesemaje?"

Taa ya kamera ikawaka kabla sijafungua mdomo. Wakageuka, wakaruka, wakaimba jina la Dequan kwa pumzi zao zote, na mimi nyuma yao nikapiga makofi.