Klorini ya Jumanne

Mkuu wa maabara aliniita akiwa ameshika karatasi, sura ya mtu aliyechoshwa.

"Mtaani kwa wakwe zako hawaendi haja?"

Nilidhani ananitania. Sampuli ya majitaka niliyochota kwao haikuwa na kirusi cha polio, sawa, lakini haikuwa na kijidudu chochote, hata vile vya tumbo ambavyo kila binadamu anavyo. Wiki ya tatu hiyo. Mtaa wa chini yao kirusi kilikuwa tele, na Ijumaa wachanjaji wangeingia huko. Walikuwa na orodha ya mitaa iliyokutwa na kirusi. Nje ya orodha hawachanji. Mtoto wa wifi yangu, anayekaa kwao, ana miezi mitatu na hajapata hata tone moja la chanjo, maana zahanati imeishiwa tangu azaliwe.

Jumanne, siku yangu ya kuchota, niliwahi kwa saa nzima. Nikamkuta mama mkwe ameinama juu ya chemba ya majitaka na ndoo yake, nyuma yake majirani wamepanga foleni, kila mmoja na chupa ya klorini. Harufu ilinitoa machozi.

"Umewahi leo, mwanangu," alisema bila kushtuka. "Hatujamaliza."

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunakusitiri. Uchukue uchafu wetu upeleke kwa wakubwa zako, wakusimange kwamba umeolewa kwa wachafu?"

Angekuwa mama yangu mzazi ningempigia kelele. Mkwe unamfanyaje? Nikaeleza taratibu kwamba klorini ile haiponyi mtu, inatuficha ugonjwa tu, na watoto wanaendelea kuambukizana majumbani. Majirani waliitikia kwa adabu. Mmoja akamimina chupa yake, eti kwa kuwa alishaifungua.

"Kwa hiyo sisi hatuna mdudu," alisema mama mkwe.

"Hatujui kama mnaye, mama. Ndiyo shida. Ijumaa matone yanakwenda mtaa wa chini, hapa hayafiki."

"Kwa wale? Ambao watoto wetu tumewakataza kucheza nao?"

"Hao hao. Watoto wao wote watapata."

Aligeukia mlangoni. Ndani mjukuu wake alikuwa analia.

"Basi chota leo."

"Leo mmeshamimina. Na hata nikichota kesho, majibu hayatoki kabla ya Ijumaa." Nilisema kwa hasira, na sikujuta. Wiki tatu nimebeba boksi la barafu juani kupeleka maji ya klorini.

Akaweka ndoo chini, akaingia ndani bila kuniaga. Nikajua mume wangu atayasikia haya kabla sijafika nyumbani.

Ijumaa nilipangwa mtaa wa chini, kuandika daftari la wachanjaji. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipoinua macho nikamwona mama mkwe amevaa nguo yake ya kutokea, mjukuu begani, na nyuma yake wanawake wa mtaa wake wote na vichanga vyao. Hakunisalimia.

"Mama, mnakaa mtaa gani?" mchanjaji alimuuliza.

Aliniangalia kwanza mimi, kisha wenyeji wa pale waliokuwa wanamkodolea macho.

"Huu huu," alisema, sauti ikafika mwisho wa foleni. "Sisi ndio wenye mdudu." Akamshusha mtoto begani, akamfungua mdomo mwenyewe.