Sauti Ikikwaruza, Geuka

Tangu niolewe, mama mkwe wangu alikuwa na neno moja kwangu: "Nyamaza." Nikisimulia, nyamaza. Nikicheka, debe tupu haliishi kuvuma. Kweli nina mdomo, sikatai. Mungu kanipa, nami nautumia.

Nilipovunjika mguu, na mama mkwe naye mtoto wa jicho amekwisha kumfunika macho yote mawili, mume wangu akatuletea simu za nyumbani zisizo na waya. Mashine yenyewe ilikaa sebuleni, imechomekwa kwenye umeme na kwenye laini. Simu zake tatu zikagawanywa: chumbani kwangu, kwa mama, na jikoni.

"Hii ya sebuleni ndiyo mama yao," alisema. "Watoto hawaongei wao kwa wao mpaka wapitie kwake."

"Kama nyumba hii tu," nikamjibu. Mama akaniambia ninyamaze.

Lakini jamani, kile kitu! Mtu akipiga kutoka nje, zote tatu zinalia. Mimi nabonyeza namba mbili, inalia ya mama peke yake, tunaongea kila mtu na kitanda chake. Ukitoka nayo uani, sauti inakufuata. Ukizidi kwenda inaanza kukwaruza, halafu inakatika. Mama alinishinda kuijua. Vitufe hakuviona, alivisoma kwa kidole.

Mchana mmoja, mume wangu akiwa kazini, nikampigia mama aje tule. Alipopokea, nyuma yake nikasikia mashine ya zege.

"Mama, uko wapi?"

"Nilikuwa naanua nguo, upepo ukachukua shuka, nikalifuata." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sasa sijui nyumba iko upande gani."

Roho ilitaka kunitoka. Nyuma yetu kulikuwa na jengo linalojengwa, na mtaro umechimbwa wa kummeza mtu mzima, hata kamba haujazungushiwa. Nikaburuza plasta yangu hadi dirishani, nikapiga kelele mpaka koo likaniwasha. Mashine ikanishinda, na mama simwoni. Machozi yakanijaa, nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?" akafoka. "Sema! Simu yangu inaisikiliza ile ya sebuleni. Ukikwaruza, najua napotea. Ukisikika vizuri, najua narudi. Sema, we mwanamke!"

Nikasema. Nilimsimulia jirani aliyemvaa fundi cherehani kwa gauni lililobana, akamtukana mbele ya wateja wote.

"Unakwaruza," mama akanikatiza. Nikasikia fimbo yake ikipapasa chini, ikigonga, ikigeuka. "Haya, hapa. Endelea."

Nikaruka kwenye ndoto zangu, nikamlaani mwenye jengo, nikataja vyombo vyote vya kabatini. Mimi, kuishiwa maneno! Mwisho nikamwambia nampenda. Yeye alikuwa kazini na fimbo yake.

Fimbo ikagonga mlango wa jikoni. Akaingia na shuka begani, vumbi tupu, simu sikioni. Mtu asiyeuona hata mkono wake mwenyewe, ameitafuta nyumba kwa mkwaruzo mpaka akaipata! Sisi wenye macho tungekuwa mtaroni zamani.

Nikamrukia kwa mguu mmoja, nikamkumbatia, nikilia bila neno. Akanipigapiga mgongoni, akapapasa kiti, akaketi.

"Sasa huyo fundi cherehani," akauliza, "alimjibu nini?"