Mtambo Usiokuwepo Kwenye Ripoti

Ulipita pale ukageuza uso. Usibishe. Kila anayetoka Igowole kupanda milimani huuona ule mfereji wa mawe, na kibanda cha bati ambamo maji yanazungusha mtambo, na nyaya zinazokwenda zahanati. Uliona, ukasema hivyo ni vitu vya wanakijiji, ukaongeza mwendo.

Paskalina Kalinga hakuwa na pa kugeuzia uso. Mtambo ule ameuchunga miaka ishirini na mbili. Mfereji waliuchimba wenyewe, kila kaya hatua kumi. Wajane walichimbiwa na majirani, ila yeye alikataa, akachimba zake zote kumi. Aliyempokeza mawe ni Vitus, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye leo ndiye mwenyekiti wa kijiji.

Umeme wa mtambo huo si mwingi: taa za zahanati, friji ya chanjo, mashine ya kusaga. Lakini haukuwahi kudai kuni wala mafuta. Unadai maji, na maji yanatoka kwenye chemchemi moja tu, juu ya vinyungu, zile bustani za bondeni ambako watu hulima mahindi ya kiangazi.

Ndipo kampuni ikaja na neno lake tamu, nishati safi. Itapanda mikaratusi kilima kizima, iikate, iichome, itoe umeme. Paskalina hakuukataa umeme. Aliomba mikaratusi ikae mbali na chemchemi, maana huku hata mtoto wa darasa la pili anajua mti ule unavyokunywa maji. Vitus akamjibu mbele ya watu, "Shemeji, hilo niachie mimi."

Akamwachia.

Ripoti ya mazingira ya mradi huo ilikaa ofisi ya kijiji miezi mitatu, hakuna aliyeifungua. Paskalina akaiomba, akaisoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika palipoandikwa kwamba kijiji hakina chanzo chochote cha umeme, na chemchemi haina mtumiaji. Chini yake muhuri, na sahihi ya Vitus.

Alimkuta Vitus kwenye mashine ileile ya kusaga, kwenye foleni, na ndoo yake ya mahindi.

"Kamwene, mwenyekiti. Leo unasaga kwa upepo?"

Wanawake wakacheka. Vitus naye akaanza kucheka, kisha akaiona ile ripoti mkononi mwa shemeji yake.

"Shemeji, hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Huyo mtaalamu alifika hapa?"

"Alikuwa na haraka."

"Ukamwambia hakuna mtambo."

Vitus akashusha sauti. "Watu wa kampuni walisema tukiutaja, itabidi wapime kati ya mtambo na mikaratusi kipi kina nafuu na kipi kina madhara. Mwaka mzima huo. Mradi ungehamia kijiji kingine."

"Kwa hiyo ukauzika ungali hai."

"Nilitaka tupate umeme wa maana. Huu wako unawasha nini?"

"Friji iliyotunza chanjo ya mjukuu wako. Mama yake, Devota, kamleta juzi Jumanne, muulize."

Paskalina akaichukua ile ndoo, akairudisha mikononi mwa shemeji yake, mahindi mazima.

"Katwange, baba. Umetia sahihi kwamba mashine hii haipo."

Kutoka hapo alipanda mpaka chemchemi na kamba ya kupimia. Sheria inasema miti ya namna ile ikae mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Kigingi cha kwanza cha kampuni, cha kuonyesha pa kupanda, kilikuwa hatua tisa tu kutoka hapo. Akaking'oa. Akang'oa cha pili, na cha tatu, mkono unatoka malengelenge, na kilima chote kile kimejaa vigingi.

Miche iko nyuma ya ofisi, itapandwa Jumamosi. Mkutano wa kijiji ni Ijumaa, saa nne asubuhi, na peke yake hatausimamisha mradi. Usimtumie pole. Njoo na jembe la kung'olea vigingi vilivyobaki, usimame upande wake, useme kwa mdomo wako kwamba mtambo upo na uliuona. Kama uko mbali, funga haya unayoyasoma, nenda ofisi ya kijiji chako leo hii, dai ripoti ya mradi wa huko, uisome yote, na kilichofichwa humo kitaje mbele ya watu kabla miche haijashika ardhi.