Mikono Iliyojenga Roshani

Alasiri Mcha alirudi kutoka kiwanda cha halua, akapanda ngazi mpaka chumba chake cha juu pale mtaani Kiponda, akaosha samli mikononi na kukaa mbele ya kompyuta. Ilikuwa laptopu kongwe, bawaba moja imekatika, kioo kimeegemezwa mtungi kisianguke nyuma. Abdulwahid, fundi wa kompyuta wa Mkunazini, alikuwa amemrudishia asubuhi ile. Diski ilikufa tangu Ramadhani, na kila kilichokuwamo kilikufa nayo. Abdulwahid alitia diski nyingine na kuiwekea mashine mfumo mwepesi wa kuiendesha, uitwao Linux, kwa sababu kwa umri wake isingeweza tena kubeba kitu kizito.

Kompyuta ilikuwa ya Faiza, mkewe. Faiza alisomea kompyuta chuoni, akafundisha katika kituo kidogo cha Michenzani mpaka kituo kilipofungwa, kisha akakaa nyumbani akituma maombi ya kazi ambayo hakuna aliyeyajibu. Mwisho alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wakala aliyemsafirisha alisema ni mkataba wa miaka miwili. Siku aliyofika, bibi mwenye nyumba alichukua pasi yake ya kusafiria na simu yake, akavifungia kabatini, akasema ni kwa usalama.

Faiza alishaambiwa na wanawake wenziwe kwamba itakuwa hivyo. Kabla ya kuondoka aliandika programu ndogo ya kuzungumzia, akaiita Roshani, kwa kuwa mtu akiwa roshani huona na haonekani. Nusu yake aliitia kwenye flashi aliyoishonea ndani ya pindo la gauni, na nusu akamwachia Mcha. Bibi alipolala mchana, Faiza aliingia chumba cha kupigia pasi, ambamo watoto wa nyumba ile walikuwa wameacha kompyuta waliyoichoka, akachomeka flashi, na uso wake ukatokea Kiponda. Mwaka na zaidi waliishi hivyo, mpaka diski ilipokufa.

Kilichobaki ni flashi ya pili, yenye maandishi ya Roshani kama Faiza mwenyewe alivyoyaandika. Abdulwahid alimweleza Mcha kuwa maandishi yale bado si programu. Ni sawa na wanga, sukari na samli vilivyowekwa mezani: halua imo, lakini hailiki. Kwanza lazima iwekwe kompaila, ambayo ndiyo huyasoma maandishi na kuyapika yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Linux ile haikuja na kompaila, na hiyo ni sababu moja ya wepesi wake. Angemfanyia mwenyewe, alisema, lakini alikuwa anawahi boti ya Pemba kwenye msiba. Alimshauri angoje. Mcha alisema atangoja, akarudi nyumbani na hakungoja.

Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri na kuandika alichokikumbuka kwa kumtazama Faiza. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza kuwa hakuna kitu cha jina hilo. Akaandika tena. Mashine ikajibu vile vile.

Ndipo ilipokuja mikono ya Faiza. Ilitokea upande wa jikoni, kwa kimo cha Faiza, ikaishia kidogo juu ya viwiko, pale ambapo gauni la kijivu la kazi nalo lilikatika. Mcha aliitambua kwa kidole cha mwisho cha kulia, kilichopinda tangu utotoni kilipobanwa na mlango wa chuo cha Kurani. Aliikaribisha. Mikono haikusimama. Ilichukua ufagio ikafagia chumba, ikaosha vikombe, ikakunja kikoi kilichokuwa juu ya kitanda. Baada ya hapo ndipo ilipokuja kwenye kompyuta. Mcha akainuka kitini. Mikono haikuhitaji kiti, lakini pale palikuwa mahali pake.

Mikono iliandika upesi, bila kusita. Mashine ilipouliza neno la siri, mikono ilisubiri, kwa sababu Abdulwahid ndiye aliyeliweka, na Mcha akalitaja. Kompaila ikaanza kushuka kwa mtandao wa simu, kipande baada ya kipande, polepole. Wakati ikishuka, mikono ilikwenda kusugua jiko.

Bi Tahiya, mama mtu mzima aliyekaa chumba cha chini, alipanda kuazima kichujio cha nazi, akaikuta mikono jikoni. Ilijifuta na kumpa mkono kwa adabu. Akaushika, akaugeuza huku na huku.

"Faiza, mikono yako imekauka," alisema. "Ntakuletea mafuta ya nazi."

Akauangalia na wa kushoto, kisha akamwita Mcha. Mgongoni mwa mkono ule palikuwa na alama ya kuungua, nyembamba mbele na pana nyuma. Mcha alikuwa na alama zake mwenyewe za halua, zilizoruka na kutiririka, na alijua kuwa hii haikuruka wala kutiririka. Iliwekwa. Aliuliza ni nani aliyeifanya. Mikono ikaingia chini ya meza na kukaa huko. Kisha, kama mtu aliyeitwa, iliondoka ghafla, na kitambaa ilichokuwa imekishika kikaanguka sakafuni.

Siku zilizofuata ilikuja kila alasiri, wakati bibi wa kule amelala. Kompaila ilikuwa imeshakaa mahali pake, lakini kila mikono ilipoiamuru mashine kuijenga Roshani, mashine ilisimama njiani na kusema kuna kitu hakipo. Mara kilikosekana kipande cha picha, mara cha sauti. Mikono ilikitafuta kila kilichokosekana, ikakileta, ikaanza upya. Mcha, ambaye kazini hukoroga sufuria ya shaba tangu asubuhi mpaka bega lishike ganzi, hakuona ajabu kuwa kitu kinachoandaliwa kutoka mwanzo hakina njia ya mkato. Kilichomshinda kuvumilia ni kuiona mikono ile inavyotumia nafasi baina ya kosa na kosa. Ilipiga pasi nguo zilizokwisha pigwa pasi. Ilifuta vumbi juu ya fremu ya mlango. Siku moja ilizitoa sahani safi kabatini na kuziosha.

Alasiri moja mikono iliandika neno moja la Kiingereza, make, yaani jenga, ikabonyeza, na mashine haikulalamika. Mistari ikaanza kupanda kiooni, mmoja ukiusukuma mwingine, na feni ndani ya mashine ikavuma. Mikono ikageuka kwenda jikoni. Mcha akaidaka njiani, yote miwili, akakaa nayo kitandani.

Haikujua kukaa. Vidole vilitafuta kitu cha kukunja, vikapata ncha ya shuka, vikaanza kuikunja. Akaviondoa. Vikapata kifungo cha shati lake, vikakifunga. Mcha aliishika kama anavyoushika mwiko halua inapokaribia kuiva, bila kubana na bila kuachia, huku mistari ikipanda. Muda ulipita. Kidogo kidogo mikono ikawa mizito, ikatulia mapajani mwake na kufunguka. Ilikuwa na joto. Alikuwa hajashikana nayo tangu bandarini, na pale waliagana upesi kwa sababu ya watu.

Mistari ikakoma. Roshani ilikuwa imekamilika. Mikono ikainuka, ikamgusa shavu na kuondoka.

Haukupita muda, uso wa Faiza ukatokea kiooni, umekonda, nyuma yake nguo zimetundikwa. Walitazamana. Mcha alimwambia kuwa mashine imepona. Faiza alisema anajua.

"Mikono yangu inakufikia?"

"Inanifikia."

Faiza akaeleza, kwa sauti ya chini, kuwa mchana akichoka huilaza juu ya meza ya kupigia pasi na kufumba macho. Akiyafumbua haioni, mpaka bibi agonge kengele. Alama ya pasi alitiwa na bibi kwa kuchelewa kuitika. Mkataba wake ungekwisha mwezi ule, lakini ameambiwa umeongezwa miaka miwili mingine, na kwamba mwenyewe ametia saini.

"Umesaini?"

"Saini ni yangu. Siku hiyo niliamka nikaikuta mikono ina wino."

Akageuka kusikiliza upande wa mlango. Halafu akasogea karibu na kioo.

"Mcha, ikija huko, usiipe kazi."

Kesho yake mikono ilipokuja, Mcha alifuatana nayo mpaka afisi ya wakala, ghorofani karibu na Darajani. Walipita vichochoroni wameshikana, jambo ambalo Faiza akiwa mwili mzima asingelikubali mbele za watu. Mwenye vespa akapunguza mwendo kuwapisha. Muuza mboga aliyemjua Faiza aliusalimia mkono wa kulia na kuupa kishada cha mchicha, na Mcha akaubebea.

Afisini palikuwa na karani aliyeitwa Sabri, kijana mpole, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Aliwakaribisha, akaisalimu mikono, akaitazama alama kwa makini na kukubali kuwa ni ya pasi. Alisikitika. Kisha akaeleza kuwa malalamiko hupokewa yakiletwa na mfanyakazi mwenyewe, akiwa kamili, na hayapokewi hapa, hupokewa kule kule anakofanyia kazi. Mcha akasema mfanyakazi huyu hapa.

"Hapa nnaona mikono tu, Bwana Mcha."

"Na mkataba mpya ulisainiwa na nani?"

"Na mikono," alisema Sabri. "Kwa kusaini, mikono inatosha. Kwa kulalamika anatakiwa mtu mzima."

Hakusema kwa kejeli. Alitazama saa ya ukutani, akahesabu saa ya kule, na uso wake ukaingia wasiwasi wa kweli. Akasema kwa mujibu wa mkataba, huu ni muda wa kazi, na mikono ikiwa hapa basi kuna nyumba kule inaikosa. Akiandika kuwa ameiona, itambidi aandike na wakati alioiona, na mwajiri atapelekewa nakala. Akauliza kama Mcha anataka aandike.

Mcha aliitazama mikono. Ilikuwa imeanza kuzipanga sawa kalamu za mezani. Akasema asiandike. Sabri alimshukuru, akawafungulia mlango.

Baada ya hapo maisha yaliendelea kwa mpango uliojiweka wenyewe. Siku nyingine ulikuja uso, siku nyingine ilikuja mikono. Pamoja havikuwezekana, kwa kuwa uso haukuja bila mikono ya kuchomeka flashi kule. Siku za uso walizungumza, na Mcha akawa na hamu ya kuishika mikono. Siku za mikono aliishika, na akawa na hamu ya sauti. Jirani walizoea. Abdulwahid aliporudi kutoka Pemba na kuiona Roshani inafanya kazi, alisifu jinsi ilivyojengwa, akauliza ni fundi gani. Alipoambiwa, alitikisa kichwa na kusema Faiza siku zote alikuwa akiandika safi.

Mkesha wa Idd Kubwa Bi Tahiya alipanda na bakuli la hina aliyoikanda kwa ndimu, na kijiti cha kuchorea. Mcha alisema hajui kama mikono itakuja, maana kule nako watakuwa na wageni. Bi Tahiya alisema mwanamke mwenye mume hapiti Idd mikono mitupu, akatandika mkeka na kukaa. Mikono ikaja. Aliilaza juu ya mto, akachora maua kwenye kiganja cha kulia, taratibu, na majani yakapanda vidoleni, kisha akazijaza kucha. Aliionya isitikisike mpaka hina ikauke. Mikono ikatii. Mcha akaipepea kwa kipepeo cha ukili. Hiyo ndiyo ilikuwa alasiri ya kwanza ambayo haikutafuta cha kufanya.

Mkono wa kushoto ulikuwa umechorwa nusu mikono ilipoitwa. Iliinuka polepole safari hii, vidole vimeachana ili maua yasivurugike, ikenda. Bi Tahiya akalifunika bakuli kwa sahani, akasema huenda ikarudi kabla ya magharibi. Haikurudi. Alipokwenda zake aliliacha pale pale.

Idd pili ulikuja uso. Faiza alipandisha viganja vyake mbele ya kioo, na vyote viwili vilikuwa vyeupe, ngozi imechubuka. Bibi alisema rangi ile ingeshika kwenye mashuka ya wageni, akampa dawa ya kufulia asugulie. Lakini kwenye kucha haikutoka. Alizisogeza Mcha azione: kucha za mkono wa kulia, nyekundu iliyokolea, na mbili za kushoto.

"Itakaa mpaka lini?" aliuliza Faiza.

Mcha alimwambia alivyosema Bi Tahiya, kuwa hina ya ukucha hukaa mpaka ukucha uote upya wote. Faiza alizitazama muda mrefu. Alikuwa karibu kucheka. Halafu kengele ililia, na Mcha akaisikia mpaka Kiponda.

"Naam," aliitika Faiza, si kwa Mcha, na kioo kikawa cheusi.

Kesho yake Mcha aliomba ruhusa kutoka kiwandani mapema. Alifagia chumba, akaosha kila chombo na kukikausha, akakunja nguo, akafuta mpaka juu ya fremu ya mlango. Ilipoingia alasiri palikuwa hapana kitu cha kufanywa ndani ya nyumba. Akakaa kitandani, akaweka viganja vyake wazi juu ya mapaja, akangoja.