Njia ya Ng'ombe Kwenye Ubao wa Mtiki

Nina karakana ya mbao hapa Ifakara, na wateja wenye maelezo marefu hunichosha. Mtu anataka kitanda, aseme futi tano kwa sita, aseme mtiki au mninga, kisha aniache nifanye kazi. Ndiyo maana Masanja alipokuja kunieleza habari za mama yake sikuzima mashine. Nilikuwa napiga ruta ukingoni mwa meza. Si ile ruta ya intaneti iliyoko dukani kwa jirani yangu Obed, ingawa watu hawaishi kuja kuniomba nywila. Yangu ni mashine ya kushika mkononi, ina kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi. Inachimba mifereji kwenye mbao, inalainisha kingo, inachora maua kwenye vitanda vya maharusi. Ikiunguruma humsikii mtu, na mara nyingi nashukuru.

Masanja alisubiri. Ni mfugaji wa upande wa Lupiro, Msukuma mrefu na mpole. Nilipozima mashine akaniambia kwamba mama yake, Bibi Sikitu, ameanza kupoteza kumbukumbu. Mchana anakaa vizuri tu. Jua likianza kushuka anajitanda khanga, anachukua fimbo na kuondoka, na wakimzuia anasema anairudia njia waliyokuja nayo na ng'ombe. Mara ya mwisho walimkuta mtoni, maji yamemfika magotini. Masanja alijaribu kumfungia ndani. Mama akalia kama mtoto, na yeye akalia nje ya mlango.

"Fundi Dativa," akasema, "nichongee ile njia kwenye kitanda chake. Aitembee kwa kidole. Labda miguu itapumzika."

Nimeshaombwa kuchonga simba, misalaba na nembo za timu. Njia sikuwahi kuombwa. Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa na utani hata kidogo, nikampa chaki.

Akapiga magoti mbele ya ubao wa mtiki ambao ungekaa ubavuni mwa kitanda, upande wa ukutani, akaanza kuchora huku akisimulia. Alikuwa mtoto bado. Yeye na baba yake walikuwa mbele na mifugo, mama na shangazi wakifuata nyuma na mizigo. Chaki ikatoka Usukumani, ikapita Tabora, ikazunguka mabwawa ya Usangu walikokaa misimu kadhaa, ikapanda Makambako kwenye baridi, ikateremka Uchindile, Mlimba, Mchombe, mpaka huku bondeni. Mimi nisiyependa maelezo marefu nilijikuta nimekaa chini kwenye maranda, namwuliza maji ya ng'ombe walipata wapi.

Siku ya kuchonga sikutaka mtu karibu. Kisu kilizama kwenye mtiki, na njia ikaanza kutembea mbele yangu. Vumbi la mbao lilijaa hewani likawa la kwato. Nilikata kona ya Usangu nikasikia harufu ya majani yaliyolowa; niliposhuka Uchindile mikono yangu ilikuwa baridi, na nje jua la Ifakara lilikuwa linachoma mabati. Nilipozima mashine nilisimama kitambo sijui niko wapi. Nilikuwa na furaha ambayo kitanda hakijawahi kunipa.

Tulikipeleka kitanda kwa guta la magurudumu matatu, tukavuka daraja. Bibi Sikitu aliitikia shikamoo yangu akanipita kwa macho, akalala ubavu, akatia kidole kwenye mfereji. Kidole kikatembea polepole, huku midomo yake ikitaja majina ya ng'ombe. Niliondoka nikijisifu moyoni.

Baada ya siku chache Masanja akanipigia simu. Mama bado anaondoka. Kidole kinafika mahali fulani, kinasimama, kisha yeye mwenyewe anainuka na kutafuta fimbo. Niliudhika sana. Niliamini nimeacha kibanzi kinachomchoma, nikavuka tena daraja na msasa mkononi.

Nilimkuta amelala, jua likielekea magharibi, kidole kimesimama Uchindile. Alikuwa anaukwaruza ubao kwa ukucha. Nilipapasa pale, palikuwa laini kabisa.

"Bibi, hapa pana nini?"

"Hapa hamkuacha mahali," akasema. "Njia yenu inampita tu."

"Inampita nani?"

"Yunis."

Masanja alikuwa mlangoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mayu, Yunis ni nani?" Wasukuma humwita mama mayu.

Bibi hakumtazama. Alisema alijifungulia pale mlimani, kwenye baridi, na mtoto hakufika asubuhi. Shangazi alichimba kwa jembe la safari. Walipowafikia wanaume kule mbele hakuna aliyeuliza, naye hakusema. Masanja alishika mwimo wa mlango. Aliniambia baadaye kwamba alikumbuka tu mama akitembea taratibu siku zile, na yeye akikasirika kwamba anawachelewesha.

Miaka yote hiyo alikaa na jambo hilo, na sisi tulidhani anataka kurudi Usukumani.

Nilimwomba bibi aweke kiganja pale Uchindile. Akakikunja kidogo, kama anayepakata kitu, nikakizungushia penseli. Nikafungua skrubu, nikaubeba ubao hadi karakana. Nilichimba taratibu kishimo chenye umbo la kiganja chake, nikakisugua kwa msasa laini mpaka nilipoweka shavu sikusikia ukwaruzo. Nililia juu ya mashine, sioni haya kusema.

Kesho yake jioni nikaufunga ubao mahali pake. Bibi Sikitu akalala, akaanza safari. Usangu, Makambako, kidole kikateremka mlimani, na pale Uchindile kiganja chote kikaingia kwenye kishimo kikatulia. Nje ng'ombe walikuwa wanarudi, wanalia zizini. Ndiyo ilikuwa saa yake ya kuinuka. Masanja alisimama karibu na kitanda, mikono tayari kumshika.

Mama akafumba macho.

"Masanja," akasema, "wewe nenda na ng'ombe. Mimi nabaki na mdogo wako."