Kidude Kinachougua Kliniki

Bernadine Nowicki alitengeneza mabasi ya mji wa Toledo miaka ishirini na tisa kabla ya kustaafu, na hakuna kilichomkera kama chombo kinachougua mbele ya mwenyewe na kupona mbele ya fundi.

Safari hii kilikuwa kidude cha michezo cha mkononi, cha zamani, mali ya mdogo wake Loretta. Kioo chake cha asili kilikuwa hafifu, na macho ya Loretta yamepungua nguvu. Basi Bernadine alikuwa ameking'oa, akachonga plastiki ya ndani kupata nafasi, akaweka kioo kipya chenye mwanga. Loretta alikichezea kliniki anakosafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara.

"Leo tena kimejaa mistari, halafu kikawa cheupe pe," alisema, akakiweka juu ya meza ya jikoni.

Bernadine akakiwasha. Picha ikatokea, safi.

"Hakina kitu."

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema hivyo. Nimesema hakina kitu."

Hata hivyo alibadilisha betri, akasafisha vyuma vinavyogusana na betri kwa spiriti, akachomoa utepe wa nyaya wa kioo na kuuchomeka upya, akarudia lehemu ya waya wa umeme. Akakicheza mwenyewe saa mbili nzima. Hakikukosea hata mara moja. Alhamisi Loretta akarudi na malalamiko yale yale.

"Nyumbani kizima, kliniki kibovu. Unakifanya nini huko?"

"Si uje uone."

Bernadine hakuwahi kuingia humo. Mwaka wa pili huu alikuwa akimshusha mdogo wake mlangoni na kumngoja garini, akisingizia kwamba maegesho ni ya shida. Ukweli ni kwamba aliogopa kuiona ile mirija ya damu.

Jumamosi akaingia. Loretta alikuwa ameegemea kitini, mkono wa kushoto umenyooshwa, mirija miwili imejaa damu. Bernadine akashika ukuta.

"Kaa, dada, kabla hujaanguka. Mashine zote zina watu."

Akakaa. Loretta akaanza kucheza kwa mkono wa kulia peke yake, kidole gumba kikivuka huku na huku, vile vingine vimeikaba pembe ya chini. Baada ya dakika kumi mistari ikaja.

"Legeza vidole," Bernadine alisema. Mistari ikaondoka. "Kaza." Ikarudi.

"Kumbe ni mimi."

"Si wewe. Nilichonga nusu nusu. Ukikaza, plastiki inaubana utepe."

Akatoa bisibisi mfukoni, akakifungua mapajani. Kweli, kisiki cha plastiki kilikuwa kimebaki pembeni, na utepe una alama mahali kilipougusa. Akakikwangua kwa kisu kidogo mpaka kikawa bapa, akafunga skrubu, akakaba ile pembe kwa nguvu zake zote. Picha haikutikisika.

"Haya, rudi garini," Loretta alisema.

"Zimebaki saa ngapi?"

"Mbili na nusu."

Bernadine akasogeza kiti. "Wewe bonyeza huku, mimi nibonyeze huku."

Wakacheza hivyo, Bernadine akikosea, Loretta akimwita zuzu kwa sauti ya chini, mpaka muuguzi alipokuja kuchomoa sindano. Hapo Bernadine akageukia dirishani, lakini hakutoka.