Ini la Fahim

Jumatatu moja ya mwaka 1996, pale Katoro, Fahim alikuwa akimpimia Generoza mafuta ya kula dukani ini lake lilipoanza kusema. Sauti za seli zake zilitoka chini ya mbavu za kulia, nyingi, zikiitana. "Mafuta yametujaa! Tumeumia! Jengeni!" Nyingine zikajibu, "Tunajenga!" Generoza akasubiri zipoe, kisha akamwambia Fahim asimpunje.

Sauti moja dhaifu ilikuwa ikisema, "Basi, inatosha." Nyingine ziliizomea wiki nzima, haikusikika tena. Ikabaki amri moja: gawanyikeni, msife. Fahim akavimba tumbo, macho yakawa manjano. Alipokuwa akinenepa watu walimsifu kwamba maisha yamemkubali. Wanafiki wakubwa.

Daktari alizisikia amri zote akiwa mezani kwake. "Saratani ya ini," akasema. "Pombe umeanza lini?"

"Sijawahi kuionja, daktari. Mimi Mwislamu."

"Wote mnasema hivyo."

"Hajanywa!" ini likapaza sauti. "Ni mafuta!" Daktari akaliambia lisimkatize.

Neno la ulevi likamtangulia Fahim kufika mjini. Katoro hupenda neno baya kuliko chakula. Kufa alikuwa amekubali. Alichoogopa ni posa ya binti yake, Pinky, kuvunjika kwa sababu ya uongo. Na kweli, Mzee Lalji, baba wa mchumba, akaja kutoka Shinyanga.

"Sichukui mkwe kwenye nyumba ya mlevi," akasema.

Mehjabin, mke wa Fahim, akamfunua mumewe shati. "Sikiliza mwenyewe!"

Ini likaapa kwa Mwenyezi Mungu. Lalji akalisikiliza mpaka mwisho, akamalizia chai yake.

"Ini la mlevi ulitegemea liseme nini?"

"Toka kwangu, mshenzi wewe!" Mehjabin akamfukuza. Posa ikafa siku hiyo.

Fahim alizikwa Alhamisi moja. Yeye alinyamaza, ini halikunyamaza. "Gawanyikeni! Msife!" likapiga kelele chini ya udongo, ikabidi waombolezaji wapaze dua.

Lalji naye alikuja kuzika. "Mnasikia?" akasema. "Ulevi mpaka kaburini."

Umesh, mwenye duka la jirani, akakung'uta mikono. "Huyu bwana alikuwa mjanja, jamani," akasema. "Miaka yote nimepakana naye, sikumwona hata na chupa."